Laila wa Kuazima

Kila mshairi wa mapenzi ana shauri moja la kukata kabla hajapanga vina: amtaje mpenziwe kwa jina, au amsitiri? Washairi wa pwani aghalabu wamechagua kusitiri. Mpenzi huwa ua, huwa njiwa, huwa chombo kilichong'oa nanga, huwa tunda katika shamba la jirani. Na msikilizaji wa taarabu anapoinuka na tuzo yake mkononi kumwendea mwimbaji, ukumbi mzima huanza kukisia fumbo limempata nani. Heshima ya mtu imo ndani ya fumbo hilo, na uchungu wake umo humo humo. Kwa hiyo ni jambo la kustaajabisha kidogo kwamba wimbo mmoja ulio mashuhuri kabisa katika muziki wa roki, muziki ambao sifa yake ni kusema mambo waziwazi na kwa kelele, umesimama juu ya fumbo la namna hii hii. Na kwamba fumbo lenyewe lilizaliwa Uarabuni, likavishwa nguo za Kiajemi, kisha likafika masikioni mwa Mwingereza aliyekuwa akimpenda mke wa rafiki yake.

Wimbo huo ni "Layla". Ulirekodiwa katika mji wa Miami, Marekani, mwezi Septemba 1970, na kundi lililojiita Derek and the Dominos. Hata jina la kundi lilikuwa la kujificha. Hapakuwa na Derek yeyote. Palikuwa na Eric Clapton, mpiga gita aliyezaliwa mwaka 1945 katika kijiji cha Ripley, mkoa wa Surrey, ambaye washabiki wake wa London walikuwa wamekwisha kumwandikia ukutani maneno ya kufuru, ya kumlinganisha na Mungu. Alichoka na sifa hizo. Alitaka kuwa mmoja miongoni mwa wenzake, apige gita bila ya kutangazwa. Wenzake walikuwa Wamarekani watatu: Bobby Whitlock wa kinanda, Carl Radle wa gita la besi, na Jim Gordon wa ngoma.

Mwanamke aliyefichwa nyuma ya jina la Laila ni Pattie Boyd, mwanamitindo aliyezaliwa Uingereza mwaka 1944. Pengine si wasomaji wengi wa Afrika Mashariki wanaojua kwamba sehemu ya utoto wake ilipita Kenya, alikofika na familia yake mwaka 1948 na kukaa hadi 1953. Mwaka 1964, akiwa ameitwa kuigiza kidogo katika filamu ya kundi la Beatles, alikutana na George Harrison, na mwezi Januari 1966 wakaoana. Clapton na Harrison walikuwa marafiki wa kweli, si marafiki wa kupigana picha. Mwaka 1968 Harrison alimwita Clapton apige gita katika wimbo wake mwenyewe ndani ya studio ya Beatles, jambo lisilo la kawaida katika kundi lile lililojifunga kama ukoo. Mwaka 1969 Harrison alikaa katika bustani ya Clapton, akaazima gita, akatunga wimbo wa jua ambao dunia nzima unauimba hadi leo. Na katika kiangazi cha 1970, hao hao Derek and the Dominos ndio waliopiga vyombo katika sehemu kubwa ya albamu ya Harrison, All Things Must Pass. Yaani Clapton alikuwa akila katika sinia la mwenziwe huku moyo wake umo chumbani mwa mwenziwe. Albamu zote mbili, ya mume na ya mwenye kumtamani mke, zilitoka Marekani katika mwezi mmoja, Novemba 1970.

Barua ilitangulia wimbo. Pattie Boyd ameeleza katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 1970 ukiwa umekwisha kuwa mbali, yaani 2007, kwamba alipokea barua ya mapenzi yenye herufi ndogo ndogo, iliyotiwa saini ya herufi moja tu, akadhani imetoka kwa mshabiki mwenye wazimu kama walivyokuwa wengi. Akawaonyesha watu nyumbani, mumewe akiwemo. Jioni yake simu ikalia. Alikuwa Clapton, akiuliza kama barua imefika.

Jina je, lilitoka wapi? Hapa anaingia mtu ambaye wasimulizi wa habari za roki humpita mbio, ilhali kwa msomaji wa visiwani yeye ndiye mlango wa kisa chote. Ian Dallas alikuwa Mskoti, mtunzi wa michezo ya kuigiza na mwigizaji, ambaye alionekana katika filamu ya Fellini ya mwaka 1963. Mwaka 1967 alisilimu katika mji wa Fez, Morocco, na baadaye akajulikana kwa jina la Shaykh Abdalqadir as-Sufi, mwenye wafuasi katika nchi nyingi. Alifariki Cape Town mwaka 2021. Huyu ndiye aliyemsimulia Clapton kisa cha Laila na Majnuni, na Clapton akakipata kitabu cha Nizami kilichofasiriwa kwa Kiingereza, akakisoma kama mgonjwa anavyosoma cheti cha daktari. Kitabu hicho hakikuacha jina peke yake. Katika albamu hiyo hiyo umo wimbo mwingine, "I Am Yours", ambao watunzi wake wameandikwa kuwa wawili: Clapton na Nizami. Mshairi wa Ganja, aliyefariki zaidi ya miaka 750 kabla, akawekwa katika karatasi za haki za watunzi za kampuni ya santuri. Ni heshima ambayo mafundi wengi wa roki hawakuwapa hata watu weusi wa Mississippi waliokuwa bado hai.

Kisa chenyewe kinajulikana, lakini kuna sehemu moja ambayo aghalabu husimuliwa kwa haraka. Kais, kijana wa Banu Amir, alimpenda Laila tangu wakisoma pamoja utotoni. Hilo peke yake halikuwa msiba. Msiba ulianza pale aliposhindwa kunyamaza. Akawa anakwenda njiani akilitaja jina la Laila katika mashairi, na watu wakayachukua mashairi yale kutoka hema hadi hema, mpaka jina la Kais likasahauliwa na badala yake akaitwa Majnuni, neno ambalo Kiswahili nacho kimelichukua kumwita mwenye wazimu. Kwa mila za Waarabu wa jangwani, kumtaja msichana kwa jina katika mashairi ya mapenzi ni kumvunjia heshima yeye na jamaa zake. Na baba aliyemwoza bintiye kwa mshairi wa namna hiyo alikuwa kama anayekiri kwamba uvumi ulikuwa wa kweli. Baba yake Laila akakataa. Akamwoza kwa Ibn Salam. Kwa hiyo mtu anaweza kusema, bila ya kumdhulumu Majnuni, kwamba ushairi wake ndio uliomnyima mke. Alipopelekwa Makka ili aombe apone, aliishika Kaaba akaomba mapenzi yake yazidi. Nizami, aliyekiandika kisa hiki mwaka 1188, hakumcheka, lakini pia hakumficha mtu kwamba huyu ni mtu aliyeupenda uchungu wake kuliko dawa yake.

Clapton alichukua kisa hiki na akakigeuza kwa jambo moja. Yeye alificha. Mke wa Harrison akawa Laila, jina ambalo wajuzi hulinasibisha na usiku, na ambalo kwa msikilizaji wa Kiingereza wa mwaka 1970 halikuwa na uso wala anwani. Ni hila ya kishairi aliyoifahamu kila mtunzi wa mafumbo. Ila fumbo lina sharti lake: humlinda mlengwa kwa watu baki tu. Mlengwa mwenyewe, na wale walio karibu, hulifungua kabla mwimbaji hajamaliza ubeti wa kwanza.

Wimbo ulipoingia studio ulikuwa haujawa huo unaojulikana leo. Clapton ameeleza kwamba mwanzoni ulikuwa wa taratibu, wimbo wa kulalamika. Studio ilikuwa Criteria, Miami, na msimamizi wa kurekodi alikuwa Tom Dowd, mtu mwenye historia ya pekee: katika ujana wake alifanya kazi katika mradi wa Marekani wa bomu la atomu, kisha akaiacha fizikia na kuhamia katika sauti. Dowd wakati huo alikuwa akifanya kazi pia na kundi la Allman Brothers la kusini mwa Marekani. Tarehe 26 Agosti 1970 kundi hilo lilipiga Miami, naye akawachukua Clapton na wenzake kwenda kusikiliza. Husimuliwa kwamba Duane Allman, kijana wa miaka 23, alifumbua macho katikati ya kupiga kwake, akamwona Clapton amekaa mbele yake, vidole vikamfa ganzi. Usiku ule ule wote walirudi Criteria wakapiga pamoja mpaka kesho yake, na Dowd akauacha mtambo wa utepe uzunguke bila ya kusimama.

Duane ndiye aliyeupa wimbo mbio zake. Kulikuwa na wimbo wa bluzi alioupiga Albert King, uliotoka katika albamu ya mwaka 1967, wenye malalamiko ya mapenzi yanayokwenda polepole kama maji ya kupwa. Duane alichukua mstari wa sauti ya mwimbaji katika wimbo ule, akauhamishia katika gita, kisha akauharakisha mara kadhaa. Ndio ule mlio wa mwanzo ambao mtu akiusikia mara moja hausahau. Basi mlio huo ni kilio juu ya kilio: Mwingereza alilia kwa jina la Mwarabu lililohifadhiwa na Mwajemi, juu ya mstari wa Mmarekani mweusi uliopitia mikononi mwa Mmarekani mweupe. Wako watakaouita wizi. Wako watakaosema kwamba ndivyo mashairi yanavyoishi, kwa kuchukuliwa. Yote mawili yana ukweli wake, na kwa bahati mbaya ni Nizami tu aliyeandikwa jina.

Juu ya mstari ule yakapandishwa magita mengine, moja juu ya jingine, ya Clapton na ya Duane, yakiingiliana hata ikawa taabu kujua nani anasema na nani anaitikia. Duane alivaa katika kidole kichupa cha kioo cha dawa ya mafua, akakiburura juu ya nyuzi. Sauti yake haina vituo, hupanda na kushuka kama ya mtu anayelia bila ya kuvuta pumzi. Ufundi mwingine umo katika mpangilio wa sauti. Mwanzo wa wimbo na kiitikio chake viko mahali pamoja, lakini beti zinapoingia wimbo wote huteremka nusu sauti, kana kwamba mtu amejizuia ili azungumze kwa adabu: anamwuliza mwanamke atafanya nini upweke ukimfika, anamkumbusha kwamba alijaribu kumliwaza. Kisha kiitikio kinarudi na sauti inaruka juu, mwimbaji anafika pale ambapo koo lake halifiki bila ya kupasuka. Katika shairi la Kiswahili mstari wa mwisho tunauita kituo, na kazi yake ni kumpumzisha msomaji na kumrudisha penye maana. Hapa kiitikio hakimpumzishi mtu. Kila kikirudi, mtu yuko juu zaidi na mbali zaidi na ardhi. Na ndani ya kiitikio hicho hamna habari nyingi: jina, na kupiga magoti, na kuomba. Majnuni naye, kwa mujibu wa Nizami, mwishoni alibakiwa na jina.

Wimbo ungeweza kwisha hapo. Wiki chache baadaye, hata hivyo, kikaongezwa kipande cha pili, cha piano, kisicho na maneno hata moja. Husemwa kwamba Clapton alimsikia Jim Gordon, mpiga ngoma, akikicheza peke yake katika piano ya studio, akakipenda, na Dowd akakiunganisha na sehemu ya kwanza kwa kukata na kugandisha utepe. Ndipo wimbo ukafikia dakika saba. Whitlock hakupendezwa, aliona kipande kile hakina undugu na wimbo. Kwa masikio ya wengi alikosea. Sehemu ya kwanza ni mtu anayebisha mlango kwa ngumi. Sehemu ya pili ni mtu huyo huyo ameketi barazani, mlango haukufunguliwa, na kumekucha. Magita yanaendelea kuzungumza kwa mbali juu ya piano, na mwisho kabisa Duane anatoa katika nyuzi mlio mwembamba kama wa ndege.

Lakini kipande hicho kina mashitaka yake. Watunzi wa "Layla" wameandikwa kuwa ni Clapton na Gordon. Rita Coolidge, mwimbaji wa Kimarekani aliyekuwa mpenzi wa Gordon kabla ya hapo, ameandika katika kumbukumbu zake za mwaka 2016 kwamba lahani ile waliitunga pamoja, kwamba ulikuwa wimbo wenye maneno, na kwamba Clapton alipigiwa wimbo huo na kuachiwa nakala yake. Whitlock alimuunga mkono. Mwaka 1973 lahani hiyo ilitoka kweli katika santuri ya dada yake Rita, Priscilla, na mumewe Booker T. Jones, kwa jina la "Time", na humo jina la Rita limo. Katika "Layla" halimo hadi leo. Kwa hiyo wimbo huu una wanawake wawili: mmoja ameitwa kwa jina lisilo lake, na mwingine, kama maneno yake ni kweli, hakuitwa kabisa.

Yule wa kwanza aliusikia wimbo kabla ya watu wengine. Pattie Boyd ameandika kwamba Clapton alimwita katika nyumba moja South Kensington, London, akawasha mashine ya utepe na kumpigia mara mbili tatu, huku akimtazama uso. Wazo la kwanza lililomjia, kwa maelezo yake mwenyewe, lilikuwa hofu: kila mtu atajua kwamba ni mimi. Wazo hilo lastahili kusimamiwa kidogo, kwani ni sauti ya Laila, ambayo katika vitabu vingi husikika mara chache. Wimbo unaposifiwa kwa ukweli wa mapenzi yake, husahauliwa kwamba aliyeimbiwa alikuwa mke wa mtu, kwamba hakuulizwa, na kwamba zawadi aliyopewa ilikuwa pia kamba ya kumvutia. Usiku ule ule, katika sherehe, Clapton alimwambia Harrison mbele yake kwamba anampenda mkewe. Harrison alimwuliza mkewe anaondoka na nani. Akaondoka na mumewe.

Kilichofuata ni majonzi yasiyo na lahani. Jimi Hendrix alifariki tarehe 18 Septemba 1970, siku chache tu baada ya kundi kurekodi wimbo wake mmoja kwa kumuenzi. Albamu yao, yenye nyimbo 14 katika santuri mbili, haikuuzwa kwa matumaini yaliyowekwa. Watu hawakumjua Derek ni nani, na fumbo la unyenyekevu likageuka hasara ya biashara. "Layla" ilipotolewa Marekani mwaka 1971 kwa kukatwa nusu, iliishia nafasi ya 51. Kundi likavunjika mwaka huo huo. Tarehe 29 Oktoba 1971 Duane Allman alikufa kwa ajali ya pikipiki mjini Macon, Georgia, akiwa na miaka 24. Clapton akajifungia nyumbani na heroini kwa takriban miaka mitatu. Na wakazi wa visiwa hivi, walioona unga ulivyowanyonya vijana wa mitaani mwao, hawahitaji kuelezwa maana ya miaka mitatu. Wimbo ulipotolewa mzima mzima mwaka 1972, ukafika nafasi ya 10 Marekani na ya 7 Uingereza, mwenyewe alikuwa karibu hayupo. Jim Gordon, ambaye akili yake ilikuwa ikimwambia sauti zisizokuwapo, alimwua mama yake mwaka 1983, akahukumiwa, na akafia kifungoni mwaka 2023.

Na Laila akapatikana. Pattie Boyd alimwacha Harrison mwaka 1974, na mwezi Machi 1979 akaolewa na Clapton huko Tucson, Arizona. Katika karamu iliyofanyika Uingereza baadaye, Harrison alihudhuria na akapiga gita. Nizami hakuwahi kuandika mlango huu wa kisa, na pengine alijua kwa nini: ulevi, usaliti na watoto wa nje viliimaliza ndoa hiyo kabla ya miaka ya 1980 kwisha. Mwaka 1992 Clapton aliupiga wimbo upya mbele ya kamera za televisheni, ameketi kitini, kwa gita lisilo la umeme, polepole, bila ya ule mlio wa Duane na bila ya piano ya mwisho. Ukapata tuzo ya Grammy mwaka uliofuata. Ni wimbo mtamu, na ni wa mtu aliyepona. Ubaya wake ni huo.

Gita alilolitumia Miami liliuzwa mnadani New York mwezi Juni 1999 kwa dola 497,500, fedha zikaenda katika kituo cha kutibu waraibu alichokianzisha katika kisiwa cha Antigua. Mwezi Machi 2024 ikawa zamu ya Pattie Boyd, akiwa na miaka 80, kupeleka vitu vyake katika mnada wa Christie's, London. Mchoro wa rangi uliokuwa katika jalada la albamu, wa mwanamke mwenye shada la maua, ulinunuliwa kwa karibu pauni milioni 2. Barua nazo ziliuzwa. Moja iliandikwa juu ya ukurasa uliochanwa kutoka katika riwaya ya John Steinbeck, kwa mwandiko wa herufi ndogo ndogo, na saini ya herufi moja. Juu yake, pale ambapo huandikwa jina la anayepelekewa, hapakuandikwa Pattie. Paliandikwa Layla.